Mwendo wa Kuazima

Kazi ya mtu waliyemwita Viatu ilikuwa kutembea bila kwenda popote. Michezo ya redio haina miguu, kwa hiyo aliivalisha yeye: buti za askari, raba za mwizi, visigino vya bi harusi, vyote juu ya ubao mbele ya kipaza sauti. Alijisifu bila haya kwamba hakuna mwendo uliowahi kumshinda.

Safari hii mchezo uliandikwa kwa Kiingereza. Pale bibi kizee anapouelekea mlango, mfasiri alishindwa na neno moja akaliacha lilivyo: falteringly.

"Ni kwenda kwa kusitasita," mwongozaji akamweleza. "Mguu unatetemeka, unataka, unaghairi, unajaribu tena."

Viatu akatembea.

"Huyo mlevi."

Akarudia.

"Huyo kiatu kinambana. Acha mzaha, bwana!"

Ilimuuma, maana mwendo huo ulikuwa nyumbani kwake. Tangu apigwe na kiharusi, mama yake alibakiwa na hatua chache tu, kutoka kitandani hadi dirishani. Kila jioni mwanawe alimshika mkono wakazifanyia mazoezi, na hizo ndizo zilizompa Viatu tumaini kwamba mama atapona. Jioni ile hakumshika. Alikaa kando, akafumba macho, akamsikiliza. Asubuhi alizitia ndara za mama mfukoni akaenda nazo kazini.

Alipokanyaga ubao, mwongozaji aligeuka kutazama mlango, kana kwamba kuna mtu ameingia. "Ndiye huyo," alinong'ona. Viatu aliingiwa na hofu. Magoti yalikuwa yakienda yenyewe.

Aliporudi, mama alikuwa amelala chali.

"Mwanangu, tangu asubuhi miguu siisikii. Umeipeleka wapi?"

Viatu alijichekesha, kicheko kikamkauka. Alimwinua, akamvika ndara, akambembeleza. Miguu ilining'inia kama nguo kwenye kamba. Siku zilizofuata hali ikawa ileile.

Mchezo ulirushwa mchana wa Jumapili. Viatu aliiweka redio kando ya kitanda. Ndara zilipoanza kuburuzika redioni, blanketi likacheza: mguu huu, kimya, mguu ule. Viatu alilia kwa furaha. Halafu akakumbuka mchezo unavyokwisha. Bibi kizee anaanguka akiwa ameshagusa kitasa, na hainuki tena.

Akarusha mkono azime redio. Mama akaudaka, akaukaza kwa nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Usiizime, baba," alisema, uso umemng'aa. "Nimekaribia kufika."