Mtego Niliouweka Kwenye Friji

Niliweka mtego ndani ya friji ya nyumbani kwangu ili nimkamate mama mkwe wangu.

Msicheke kwanza. Nisomeni mpaka chini kabisa, halafu mnihukumu mtakavyo, wala sitajitetea.

Mimi ni fundi friji. Mtaani wananiita Barafu, jina nililopewa na muuza nyama baada ya kuifufua friji yake iliyowashinda mafundi watatu. Niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na nne sasa. Nikisikia mlio wa kompresa tu, nakwambia inaumwa nini.

Mke wangu ni msusi. Ana vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, watu wanakuja kusukwa na wanaondoka mbavu zinauma kwa kicheko. Ukimwona hapo saluni huwezi kujua kwamba damu yake haigandi.

Yaani haigandi kama yangu na yako. Inakosa kitu kimoja tu ambacho wengine tumezaliwa nacho. Wewe ukijikata unafunga kitambaa, maisha yanaendelea. Yeye anaweza kuvuja saa nzima.

Na cha kutisha si ile ya nje. Ni ile inayovuja ndani, kwenye goti, kwenye kiwiko, kwenye kichwa, ambayo huioni mpaka imeshafanya yake. Ni ugonjwa wa nadra, na kwa wanawake ndiyo adimu kabisa.

Alipoanzishiwa sindano ya kila wiki, tulipumua. Inachomwa chini ya ngozi, tumboni au pajani. Nesi wa kliniki ya damu, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alitufundisha siku tatu mfululizo mpaka nikaweza kumchoma mwenyewe.

Nawa mikono. Toa kichupa kwenye friji robo saa kabla. Usikitikise. Kitazame kwenye mwanga, ukiona ukungu au vipande usikiguse. Wiki hii upande wa kulia, wiki ijayo wa kushoto. Sindano iliyotumika iende kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Halafu andika kwenye daftari.

"Na dawa ikae kwenye friji," nesi akasema. "Sasa kuhusu hiyo friji..."

Mke wangu akanipiga kiwiko. "Nesi, hapo umemfikia mwenyewe!"

"Hapo niachie mimi, sista," nikamkatiza nikiwa nimevimba kichwa. "Friji ndiyo kazi yangu."

Nesi akanitazama kidogo, akafunga faili. Natamani ningemwacha amalize.

Mwaka mzima mambo yakawa safi. Hakuna goti kuvimba, hakuna kukimbizana na hospitali. Mke wangu akaanza hata kuvaa viatu virefu, akitembea nyumbani kwa madaha ili nimsifie.

Halafu mambo mawili yakatokea mwezi mmoja.

La kwanza, umeme ukaanza kukatika mchana, unapita muda wa saa tatu hadi nne bila kurudi. Nikaogopa dawa zisije zikapata joto. Nikaiongezea friji yangu nguvu kidogo, nikakaza skrubu ya kurekebisha baridi, kazi ya dakika tano kwa bisibisi, nikausukuma mfuko wa dawa ndani kabisa, nyuma, mahali penye ubaridi wa uhakika.

La pili, mama mkwe akahamia kwetu.

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hoteli kwa miaka thelathini. Ni mwembamba, mkimya, na ana macho yanayokuona mpaka mfukoni. Siku nilipopeleka posa alisema mbele ya watu wote, "Mwanangu huyu si wa kupewa mtu wa spana." Mwishowe nilipewa, lakini sentensi ile haijawahi kutoka kichwani mwangu.

Tuliheshimiana kiasi kwamba tulikuwa hatuongei. Akiingia sebuleni, nasimama. Nikiingia jikoni, anatoka. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Kwisha habari.

Wiki ya tatu tangu aje, nikafungua friji jioni nikakuta mfuko wa dawa haupo nyuma. Upo chini, kwenye droo ya mboga.

Nikaurudisha.

Kesho yake, uko kwenye mboga tena. Nikaurudisha. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Tukaendelea kuhamishana mfuko ule kimyakimya, mimi jioni, mtu mwingine asubuhi, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mke wangu saluni. Mimi kwenye gereji yangu ya friji. Nyumbani alikuwa anabaki mtu mmoja tu.

Ndipo michubuko ikaanza.

Ya kwanza kwenye mkono, mahali ambapo hakumbuki kujigonga. Ya pili pajani, nyeusi, pana kama kiganja changu. Asubuhi moja akapiga mswaki, akatema, sinki lote likawa jekundu. Tukatazamana kwenye kioo.

"Sindano unanichoma vizuri wewe?" akauliza, akijaribu kutania.

"Kama kawaida, bibie."

"Mbona mwili unaniambia vingine?"

Nilikaa na lile daftari, wiki zote zimejazwa, hakuna hata moja niliyoruka. Dawa anapata, na hali inarudi nyuma. Jamani, niliogopa. Nilikuwa naamka namgusa shingo kuona kama ni mzima.

Jumatano ile nikahesabu vichupa. Vimepungua viwili.

Hapo akili yangu ikafunga breki. Mama huyu hakunitaka tangu mwanzo. Binti akizidiwa nikaonekana sijui kumtunza, atamchukua amrudishe kwake. Nikikumbuka sasa naona aibu, lakini siku ile ilinikaa kichwani kama jambo lililothibitishwa mahakamani.

Kumuuliza siwezi, ni mkwe. Kumwambia mke wangu siwezi, ni mama yake. Nikafanya kile ninachokijua.

Gereji nina kidude kidogo cha kurekodi joto, tunakiweka kwenye friji za wateja wanaolalamika. Kila dakika moja kinaandika nyuzi ngapi, na mlango ukifunguliwa joto linaruka, unaliona kwenye simu. Nikakibandika ukutani nyuma ya katoni la maziwa, ubavuni mwa dawa. Nikamwachia mama mkwe nyumba nzima, nikaenda zangu kazini.

Siku tatu. Kila siku, saa tatu asubuhi, joto limeruka na kukaa juu dakika saba, nane. Nikasema leo nimekupata mama.

Nilipanga kuongea Jumamosi jioni. Jumamosi saa saba mchana simu ikaita. Ni msaidizi wa mke wangu pale saluni.

"Shemeji, dada amejigonga kichwa kwenye drayer ya kukaushia nywele. Hata hakugongwa sana, alicheka. Ila sasa anatapika, anasema mkono wa kushoto umekufa ganzi."

Sikumbuki nilifunga gereji au sikufunga.

Hospitali walimwingiza ndani moja kwa moja. Nilichokiona ni miguu yake tu kwenye kitanda cha magurudumu, kiatu kimoja kimebaki, kingine hakipo. Damu ilikuwa inavuja kichwani, kwa ndani. Wakaanza kumpa mshipani dawa nyingine ya kugandisha.

Mama mkwe akafika na mkoba wake kifuani. Nesi mfupi wa kliniki ya damu naye akaitwa, akatukalisha kwenye chumba kidogo chenye benchi moja.

"Sindano ya mwisho alichoma lini?"

"Jumapili iliyopita," nikasema. "Hajawahi kukosa. Daftari lote limejazwa."

"Basi kwa nini damu inaonyesha kama hajachoma kwa muda mrefu? Dawa inakaa wapi?"

Hapo ndipo uvumilivu ukanikatika. "Muulize mama huyu! Kila nikitoka anafungua friji. Anahamisha dawa. Vichupa viwili havionekani. Ushahidi ninao!"

Nikamkabidhi nesi simu. Mama mkwe alitazama sakafu tu.

Nesi akavaa miwani, akaburuza kidole polepole.

"Hapa mlango umefunguliwa saa tatu."

"Umeona?"

"Na hapa, kabla ya saa tatu, hii ni nini?"

"Hiyo ni friji ikiwa imefungwa."

"Nasoma hasi tatu, baba. Hasi tatu usiku kucha."

Nikainama kwenye simu, nikazisoma tena mwenyewe.

Nilikuwa nimezitazama namba zile siku tatu, mimi, fundi wa miaka kumi na minne, na sikuziona. Nilikuwa natafuta joto likipanda. Kazini kwangu wateja wote wana kilio kimoja, friji haigandishi. Mimi kwangu friji inayogandisha ni friji nzima. Sijawahi kuitwa na mtu kulalamika kwamba yake ina baridi kupita kiasi.

Mama mkwe akafungua mkoba. Akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua juu ya benchi. Vichupa viwili.

"Hivi nilivitoa Jumatano," akasema kwa sauti ya chini. "Nilivikuta jiwe. Nikasema Jumatatu siku ya kliniki nitamwonyesha nesi. Vile vingine nilikuwa navishusha kwenye mboga visigande. Jioni navikuta vimerudishwa."

Nesi akavinyanyua kwenye taa. Maji safi, angavu, bila ukungu, bila kipande. Ningekichoma kimojawapo Jumapili bila wasiwasi.

"Ikishaganda mara moja imekufa," akasema. "Hata ikiyeyuka ikapendeza hivi. Kwa macho huwezi kujua. Nyuzi mbili mpaka nane, isiguse ukuta wa nyuma. Ndiyo niliyotaka kukwambia siku ile."

Mwezi na zaidi nilikuwa namchoma mke wangu maji.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Baba, fundi ni wewe. Mimi mfua mashuka nije nikufundishe friji, ndani ya nyumba yako, mbele ya mkeo? Nilisema nisikuvunjie heshima."

Nilishuka kwenye benchi nikapiga magoti palepale, nikalia kwa sauti. Akaniwekea mkono begani, mkono mgumu wa sabuni za miaka thelathini, na hakuuondoa mpaka daktari alipoingia.

Mke wangu alipona. Damu ilisimama, na kinga kidogo ya dawa iliyobaki mwilini nadhani ilisaidia. Labda ilitokana na vile vichupa vichache vilivyowahi kushushwa kwenye mboga kabla havijaganda. Daktari hakusema ana hakika, nami sikuthubutu kumbana.

Siku ya nne aliamka, akanitazama. "Nasikia umemshitaki mama yangu, shahidi friji."

Nikataka kucheka, ikashindikana.

Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havijarudi sawa. Zile rasta ndogondogo zilizomjengea jina haziwezi tena, anasuka nene tu. Wateja wengine wamehama. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na kila akishika kitana namwona anavyokipanga upya mkononi, naondoka naenda kusimama nje.

Vichupa vyote vilivyokuwa kwenye friji vilirudishwa kliniki, tukapewa vipya. Skrubu nimeilegeza. Dawa inakaa rafu ya katikati, ndani ya boksi lake, mbali na ukuta. Na siku hizi nikiingia nyumba ya mteja, kabla sijashika bisibisi nauliza, "Humu ndani mna dawa ya mtu?" Wengine wananishangaa, wengine wananifungulia na kunionyesha.

Kama kwenu kuna sindano inayokaa kwenye friji, nunua kipimajoto leo. Na anayekupa maelekezo mwache amalize, hasa kwenye kile unachojiona unakijua kuliko yeye. Mimi nilimkatiza mtu sentensi moja, na mke wangu ameilipia kwa vidole viwili.

Kidude chetu cha kurekodi sasa kina mwenyewe. Kila asubuhi saa tatu simu yangu ya gereji inaita, na jioni inaita tena.

"Baba, leo nyuzi nne."

"Asante, mama."

"Na mlango nimefungua mimi, usije ukaniwekea mtego."

Halafu anakaa kwenye simu, ananiuliza kama nimekula.