Kitabu Kilichokataza Nyongeza

Katika biashara hakuna kilichoweza kunishangaza. Shule niliachia darasa la tatu, na kibanda changu cha nafaka pale soko la Jericho nilikijenga mwenyewe. Kisha jirani yangu karani akanisifia kitabu cha uchumi alichokuwa amemaliza, akanisomea Jumapili baada ya kanisa.

“Mzee, hapa wanasema nyongeza ni hasara.”

Nikaacha kuongeza ile konzi ya bure niliyozoea kuwapa wateja juu ya kila kopo la gorogoro la maharagwe. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alisimama akingojea mkono wangu.

“Siku hizi umekuwa benki?” akauliza, akaenda kibanda cha pili. Wenzake wakamfuata.

Kitabu ni kizuri, kisomeni; mimi nimechoka kukitetea. Magunia matatu ya maharagwe yaliyokosa wanunuzi yaliliwa na wadudu: hasara ya shilingi elfu ishirini na moja na mia nne.