Oili Namba Kumi

Sisi tuliokulia Butiama kabla lami haijafika, gari tulilijua kwa harufu kabla hatujaliona. Mnacheza rede shuleni, upepo unageuka, pua inakwambia: oili ya moto, vumbi na magunia ya pamba. Mwenzako anauacha mpira, anapiga kelele, "Nyangeta, baba yako huyo!" Nami natimua mbio miguu peku, mchezo sina habari nao tena. Mifuniko ya makopo ya oili ndiyo ilikuwa magurudumu ya vigari vyetu vya waya, na vigari hivyo vilidumu mpaka mtu anaingia darasa la saba. Wajukuu zangu wana gari la rimoti. Betri ikiisha wanakaa chini wanalia.

Baba yangu, Mzee Wambura, alikuwa na pikapu kuukuu aliyoinunua kwa bwana shamba mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilibeba pamba kwenda kiwandani Bunda, ikabeba wagonjwa kwenda Musoma, ikabeba na maharusi. Kila asubuhi, kabla ya chai ya maziwa na kiporo cha viazi, baba alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza tena, kisha akasugua tone moja kati ya vidole viwili kama mama anavyojaribu ulaini wa unga. Mimi nilikuwa mshika kitambaa, kipande cha kitenge cha mama kilichochakaa. Nilikuwaga naringa na kazi ile kuliko kaka zangu na ng'ombe wao.

Kwa miaka yote pikapu ilitiwa oili namba arobaini, ile nzito. Ndivyo alivyotaka fundi Masatu wa Kamunyonge, na baba hakuwahi kumbishia. Lakini mwaka niliokuwa darasa la sita, injini ikaanza kuchoka. Ikawa inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na milima inaipanda kwa kunung'unika. Baba akawa hana raha. Jioni moja akaingia ndani, akatoa chini ya godoro kitabu cha gari, kilichokuja pamoja na pikapu na ambacho hakuna aliyewahi kukisoma, maana kilikuwa cha Kiingereza. Wiki ile nilikuwa nimepewa daftari na kalamu mbele ya shule nzima kwa kuongoza somo la Kiingereza.

"Soma, mama," akaniambia. Baba aliniita mama kila alipotaka jambo kubwa. "Tuone wenyewe waliolitengeneza wamesema nini."

Nilikaa mlangoni penye mwanga. Mama aliacha sufuria ya samaki furu jikoni, akaja kusimama nyuma yangu, ingawa yeye hata "good morning" ilikuwa inamshinda. Nikafika kwenye jedwali la oili. Nikalitafsiri kwa sauti, kama mwalimu: joto likiwa chini ya digrii thelathini na mbili, tia namba kumi. Kuanzia thelathini na mbili mpaka tisini, namba thelathini. Juu ya tisini, namba arobaini.

"Digrii tisini?" baba akashangaa. "Nchi gani hiyo?"

"Labda Uarabuni," nikajibu, na wote tukacheka.

"Na sisi hapa tunafika ngapi?"

"Mwalimu amesema mara nyingi ishirini na nane, ishirini na tisa."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo miaka yote hii tumeinywesha uji mzito, wakati yenyewe inataka maji."

Pembeni ya kila tarakimu palikuwa na herufi moja ndogo. Niliiona. Niliiruka, kwa sababu sikuijua na sikutaka baba ajue kwamba siijui.

Kesho yake tukaenda Musoma, dukani mtaa wa Mukendo. Muuza duka alisita. "Baba Nyangeta, hii namba kumi watu wanaitia kwenye mitambo ya kunyanyulia mizigo. Umemuuliza Masatu?"

"Kitabu kimesema," baba akamjibu, akaniwekea mkono kichwani. "Binti yangu amesoma."

Nimepongezwa mara nyingi tangu siku ile, na vyeti ninavyo kabatini. Sijawahi tena kuwa mrefu kama nilivyokuwa mbele ya kaunta ile.

Jumapili iliyofuata pikapu ilibeba kwaya ya kanisa letu kwenda kuimba Bunda. Watu kumi na wanne, kanzu nyeupe, ngoma mbili. Mimi nilikaa mbele na baba. Mwanzoni injini ilikwenda laini ajabu, baba akawa anatabasamu peke yake. Jua lilipopanda, taa nyekundu ya oili ikawa inakonyeza. Baba aliitazama, akanitazama mimi, akaendelea. Tulipoanza kupanda mlima, ukasikika mgongano wa chuma: ko, ko, ko. Nyuma, mwalimu wa kwaya akamgombeza mpiga ngoma kwamba anaharibu mdundo. Mpiga ngoma akajitetea kwamba hajagusa kitu. Walikuwa bado wanabishana injini ilipolia mara moja kwa nguvu, ikanyamaza.

Baba alifungua boneti, akasimama mbele yake muda mrefu bila kugusa chochote. Mwalimu wa kwaya akauliza kulikoni.

"Nimekosea oili," baba akasema. "Kosa ni langu."

Kwaya ilipata lori la pamba, ikaenda. Pikapu yetu ikarudi Butiama ikivutwa na jozi mbili za maksai walioazimwa kwenye boma la jirani, baba kwenye usukani, mimi pembeni yake, na watoto wa kila kijiji wakikimbia kando na kushangilia kama sherehe. Nililia njia nzima. Yeye alinipa kile kitambaa cha kitenge nijifute, nikafika nyumbani uso mweusi tii, mama akashindwa kujizuia, akacheka.

Lakini injini ilikuwa imekufa. Baba akaenda kuajiriwa udereva kule kiwandani Bunda, akawa anarudi mara moja kwa wiki. Nyumba ikapoa. Asubuhi nilikuwa naamka mapema kwa mazoea, natoka nje, nakuta pikapu imesimama pale, kuku wanataga ndani.

Nilipokuwa kidato cha kwanza Musoma, mwalimu wa fizikia alichora ubaoni vipimajoto viwili. Kimoja cha kwetu, na kingine ambacho maji yanaganda kwenye thelathini na mbili, halafu digrii tisini ni mchana wa jua kali tu wa Musoma. Pembeni akaandika F, herufi ile niliyoiruka. Namba kumi ilikuwa oili ya barafu. Mimi ndiye niliyeua injini ya baba.

Nilibeba siri ile muhula mzima. Likizo ya Krismasi nikamkuta baba ameketi uani ananoa jembe, nikamwambia yote bila kupumua. Hakusimamisha jiwe lake.

"Masatu aliniambia siku ileile alipokuja kuitazama injini," akasema. "Alikisoma kitabu akacheka mpaka akakaa chini."

"Baba! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, usingenisomea tena."

Kisha akatoa mfukoni barua ya kiwandani, ya Kiingereza, akanipa.

Baba hayupo sasa. Mwezi uliopita nilikwenda Mukendo kununua oili ya kigari changu. Kijana wa duka aliuliza aina ya gari, akabonyeza simu, akanigeuzia kioo: sifuri-dabliu-ishirini. Nyepesi karibu sawa na ile namba kumi, na ndiyo yenyewe hasa, magari ya sasa yanaitaka hivyo. Dakika moja kazi imekwisha. Hakuna aliyesoma, hakuna aliyesikiliza. Vijana hawa hawakosei, na nawafurahia. Ila ukimuuliza mmoja kijiti cha kupimia oili kiko wapi, anafungua buti.

Nikawasha gari, nikashika njia ya nyumbani. Lami yote, injini haisikiki, kiyoyozi kinapuliza. Zamani safari ile ilitumalizia nusu siku na hadithi zote alizokuwa nazo baba. Sasa nafika Butiama kabla sijamaliza kumkumbuka.