Siku Mama Alipokataa Migebuka

Asubuhi ile niliapa kwamba mama yangu hatarudi kijijini Titye na njaa. Tangu tumzike baba alikuwa akidonoadonoa chakula, na nguo zilikwisha kuanza kumpwaya. Daktari hakuona ugonjwa. Ndugu zangu walisema ni huzuni, itaisha yenyewe. Mimi si mtu wa kungoja mambo yaishe yenyewe, nikamleta Kasulu mjini.

Nilichagua soko la zamani, ambalo enzi zake aliuza mawese na maharage, amekaa sakafuni. Sasa limekarabatiwa. Kuta za mawe zimesuguliwa, taa zinaning'inia kwenye boriti zilezile, na kila kizimba kinauza chakula cha watu wenye nafasi. Wanapaita ukumbi wa vyakula. Mama aliingia taratibu, akaangaza huku na huku, akacheka.

"Siku hizi pananukia," akasema.

Kicheko kile kilinipa moyo. Nikaagiza samaki, migebuka wa mawese, na ugali wa muhogo, chakula chake hasa. Mhudumu akaleta vyote vimefunikwa, akafunua kwa mbwembwe, akatukaribisha, akaondoka. Mama akanawa, akatazama sahani, kisha akaweka mikono mapajani.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini, mama? Tangu kukuche hujala!"

Nikafuata pilau kwenye kizimba cha pili. Akashukuru, hakugusa. Nikaleta supu ya kuku. Vilevile. Meza ikajaa mpaka majirani wa meza nyingine wakaanza kututazama, na mimi hasira zikanipanda. Nilitaka kulia na kugombana kwa wakati mmoja. Nikaivuta sahani yake ya migebuka, nikamega tonge, nikachovya kwenye mchuzi wake, nikatia mdomoni.

"Basi nitakula mwenyewe!"

Mama akairudisha sahani upande wake. Akala.

Alikula tonge baada ya tonge, vidole viking'aa mawese. Mimi nikabaki nimevimba shavu, sijui nitafune au nimeze, na hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu Buha anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, ujue hakukuwekea ubaya. Baba ndiye aliyemwonjea mama miaka yote ya ndoa yao. Sisi watoto, na ustaarabu wetu wa hotipoti, tulikuwa tunamwekea chakula kimefunikwa na kumwachia ale kwa nafasi.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje? Mzazi amwambie mtoto wake, onja kwanza? Si ningekuwa nimekuita mchawi?" Akalamba kidole. "Siwaogopi. Koo tu lilikuwa linakataa."

Niliona aibu, lakini sikutaka kupoteza muda na aibu wakati mama yangu ana njaa. Nikaonja pilau, nikamsogezea. Nikaonja supu, ingawa ilikuwa imepoa, nikamsogezea nayo. Akala vyote kidogokidogo, na majirani wakatazama walivyotaka.

Mwisho nikanyoosha mkono kuchukua glasi yake ya maji. Akanishika kifundo cha mkono.

"Hata maji, baba yako ndiye aliyekuwa akinionjea."

Macho yalimjaa machozi. Sikuuondoa mkono wangu, naye hakuuachia. Tukakaa hivyo mpaka mhudumu akapita, akaona vibaya kutukatiza, akaenda zake.

"Haya," mama akasema, akaniachia. "Onja."

Nikanywa funda moja, nikampa.