Nduaro wa Nane

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alifunga lebo kwenye mikia ya samaki kwa miaka kumi na mmoja. Anayeicheka kazi hiyo hajawahi kuifanya. Samaki wakubwa wakishuka kwenye vyombo, jodari na nduaro, yule mwenye mdomo mrefu kama upanga, wanasukumwa kwa toroli mpaka kiwandani kwetu. Kila mmoja anapanda mizani, anafungwa lebo ya plastiki yenye namba, kisha namba ile inaandikwa kwenye fomu: amevuliwa na chombo gani, lini, ni samaki gani, kilo ngapi. Fomu inakwenda ofisini, ofisi inaandaa cheti, afisa wa uvuvi anasaini na kugonga muhuri, ndipo kontena linaruhusiwa kwenda melini. Huko wanakonunua hawapokei samaki asiye na karatasi. Awe amenona namna gani, kama hayumo kwenye cheti ni wa wizi tu.

Mimi niko meza ya visu, hatua kumi kutoka kwenye mizani yake. Nakata vichwa na mapezi. Wenzetu walimwita Karani, maana mwandiko wake hata kipofu angeusoma. Mimi nilimwita wifi, au nikiwa na hasira, mke wa kaka.

Sasa karatasi na samaki havipatani. Mikono ina maji, karatasi inalowa, na kalamu ya kawaida ikiingia kwenye baridi ile inagoma. Kwa hiyo Karani alikuwa na utaratibu wake. Alichukua makapeni, kalamu nene ya wino usiotoka kwa maji, akaandika kwenye mabuti yake ya mpira. Buti la kushoto jodari, la kulia nduaro, namba na kilo zimepangwa kama kwenye daftari. Wakati wa chai anakaa kwenye benchi, ananyoosha mguu, anahamisha kila kitu kwenye fomu. Sheria inasema fomu ijazwe palepale kwenye mizani. Meneja alijua, sote tulijua, na hakuna aliyesema neno kwa sababu fomu zake hazikuwahi kurudishwa.

Jumatatu moja viliingia vyombo viwili kwa mpigo. Jodari alishawahamisha kwenye fomu. Nduaro bado walikuwa kwenye buti la kulia. Mlangoni pana beseni la dawa la kukanyaga kabla ya kutoka, na siku ile waliweka dawa mpya, kali, inachoma pua. Karani alikanyaga kama kawaida akaenda kwenye benchi, akanyoosha mguu. Buti lilikuwa jeupe kama la dukani.

Nduaro wenyewe tulishawakata, wakaingia chumba cha kugandishia. Mlango ule ukifungwa haufunguliwi mpaka kesho yake, na kuufungua ni lazima umwambie meneja sababu. Hakumwambia. Alikaa pale akafumba macho, akawaita samaki kichwani mmoja mmoja, huyu kilo sabini na mbili, huyu hamsini na tisa. Akapata saba. Kwenye kifurushi cha lebo zilikuwa zimetoka nane.

Lebo zinakatika kila siku. Ikikatika unaandika "imeharibika" mbele ya namba yake na kuiweka kwenye bahasha. Namba mia nne kumi na nne haikuwa na samaki kichwani mwake, basi akajua ndiyo iliyokatika. Kwenye bahasha haikuwemo, akasema moyoni kuwa imefagiliwa. Akaandika "imeharibika". Lakini kwanza aliniuliza.

"Wifi, nduaro wa leo ni saba, eti?"

"Saba," nikamjibu, kisu kikiwa shingoni mwa samaki. Nilijibu kama mtu aliyeulizwa saa wakati hana saa.

Alhamisi mchana nahodha wa chombo kile akaja kuchukua nakala ya fomu yake. Ni mwanamume wa makelele, haingii mahali kimyakimya.

"Karani, wachumba zangu wanane wamefika salama?"

"Saba," wifi akasema.

"Nane." Akatoa daftari lake la chombo mfukoni, akalifungua mbele ya uso wake. "Wa nane ndiye huyu aliyenivunja kidole. Nitamsahau vipi?" Akamwonyesha kidole kilichofungwa bandeji.

Wifi alimwambia nakala haijatoka ofisini, aje Jumamosi. Ilikuwa imetoka, iko chini ya mkono wake. Niliona shingo yake ikibadilika rangi, nikadhani ni homa.

Ijumaa asubuhi alinivuta chumba cha kubadilishia nguo akasimama mgongo umeegemea mlango.

"Mmoja yumo humo bila karatasi."

"Nani?"

"Nduaro. Mia nne kumi na nne. Nimeandika lebo imeharibika, kumbe iko mkiani mwake. Na cheti kimeshasainiwa."

Tulikuwa chini ya lile tangazo lililobandikwa ukutani tangu mwaka juzi, linalosema mtu akitoa taarifa za uongo za samaki ni faini au kifungo au vyote pamoja. Tangazo lile nilikuwa natundika kanga yangu juu yake. Siku ile nililisoma lote.

Ubaya wake ni kwamba wezi wanafanya vilevile. Anayetaka kupitisha samaki bila karatasi anafanya hivyohivyo, anaandika lebo imeharibika, kumbe ameifunga kwa samaki wake. Nani angeamini ni buti lililooshwa na dawa?

"Kontena linaondoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa nne."

"Sasa ni saa mbili na nusu. Funga mdomo wako, wifi. Likitoka limetoka."

"Huko wanahesabu mkia kwa mkia. Wakikuta mmoja amezidi wanazuia wote. Wataomba fomu, na jina langu liko pale chini."

"Labda hawatafungua."

"Labda," akasema. "Watoto watabaki na nani? Kaka yako anajenga nyumba za watu huko aliko, anarudi mara mbili kwa mwaka. Watabaki na wewe? Wewe hata paka amekukimbia."

"Paka alikuwa mchoyo," nikasema. Nikamshika mikono, nikarudia tena anyamaze. Sisemi hivi kwa fahari. Ndivyo nilivyosema, na nilikuwa nawaza pia ile "saba" yangu.

Tulirudi kazini. Nje wapakizi walikuwa wanamalizia kupanga samaki, wameganda kama magogo. Saa tatu na robo afisa wa uvuvi akaingia getini na bahasha ya cheti kwapani na sili ya chuma mkononi, ile wanayofungia mlango wa kontena. Ni mtu mwembamba, msafi, hapandishi sauti kamwe, na hilo linatisha kuliko wanaofoka. Wifi alikuwa anamtazama tangu getini. Toroli ilikuja na jodari, akamwacha juu ya mizani, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni, kisu mkononi.

"Afisa," akasema, "usifunge."

Afisa akageuka. Meneja naye akageuka.

"Kuna nini?"

"Humo ndani kuna nduaro mmoja asiyekuwemo kwenye cheti. Lebo yake ni mia nne kumi na nne."

Afisa akatoa nakala ya fomu, akashusha kidole taratibu. "Hapa umeandika imeharibika."

"Ndiyo."

"Lebo iliyoharibika iko wapi?"

"Kwenye mkia wa samaki."

Mpakizi mmoja alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Wifi akaeleza yote, buti, beseni, kichwa chake kilichomsaliti, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama hadithi iliyotungwa njiani. Hata mimi niliyejua ni kweli niliisikia hivyo. Afisa hakukubali wala hakukataa. Aliiweka sili mfukoni akasema, "Watolewe wote."

Kutoa samaki waliogandishwa kwenye kontena lililojaa si kutoa viazi guniani. Walitolewa mmoja mmoja, afisa anasoma namba, msaidizi wa ofisi anaweka alama kwenye karatasi. Meneja alikuwa kwenye simu na wakala wa meli, anaongea huku macho yake yako kwa wifi. Saa nne ikapita. Nduaro wa kwanza akatoka, wa pili, wa tatu. Kufika saa tano walikuwa wametoka saba, wote wana karatasi. Mia nne kumi na nne hakuonekana.

Hapo ndipo nilipoogopa kikweli. Akipatikana, ni kosa. Asipopatikana, mama huyu mwenyewe amesema yupo, nahodha ana daftari linalosema yupo, sasa amekwenda wapi? Ameuzwa na nani? Wifi aliliona hilo kabla yangu. Aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti, midomo yake inatembea. Afisa alifungua ukurasa mpya wa daftari lake akaanza kuandika. Kalamu yake ilikuwa inaandika kitu kirefu.

"Bado wangapi?" meneja akauliza.

"Mstari wa mwisho tu," wakajibu kutoka ndani.

Mstari wa mwisho ndio uliopakiwa mwanzo. Walimkuta chini kabisa, amelaliwa na jodari wawili, lebo imegandia kwenye ngozi mpaka ikabidi waimwagie maji. Afisa akainama akasoma kwa sauti: "Mia nne kumi na nne." Wifi alikwenda akauwekea mkia ule kiganja, akakaa nao mpaka mpakizi akamwambia, mama, utaungua kwa baridi.

Afisa akamuuliza, "Nani mwingine alijua habari hizi kabla hujaniambia?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Hakuna mtu," wifi akasema, na hakunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni. Ulimi wangu unaowapa watu majina sokoni ulikaa kinywani kama jiwe. Naogopa hata sasa ninaposimulia.

Cheti kilifutwa. Meli ikaondoka bila kontena letu, na nduaro wale wote wanane wakawekwa kando mpaka karatasi mpya zitoke. Karani akaambiwa akae nyumbani asubiri barua.

Akasubiri siku ishirini na tano. Nilikuwa napita kwake kila jioni. Simu ikilia anaitazama mpaka inanyamaza. Gari likipunguza mwendo nje, anasimama. Alifunga nguo za watoto kwenye begi, akaandika kwenye karatasi nani anakunywa dawa gani ya kifua na nani anaogopa giza, akanipa. Nikamwambia asinifanye yaya kabla ya wakati. Nikaifunga karatasi ile ndani ya kanga, na nikifika kwangu nililia.

Barua ilikuja Jumanne. Hakutaka kuifungua, akanisukumia. Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, darasa la saba ndiyo mwisho wangu, basi nilikwenda polepole na yeye akawa anausoma uso wangu. Ilisema ofisi imeridhika kuwa hapakuwa na nia ya kudanganya. Ilisema anapewa onyo. Ilisema hataruhusiwa tena kujaza wala kusaini karatasi yoyote ya samaki, kiwanda chochote.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Polisi hawajatajwa?"

"Hawajatajwa."

"Angalia nyuma ya karatasi."

Nikageuza. Palikuwa patupu, nikamwonyesha. Akaitazama ile karatasi tupu muda mrefu, kisha akalala pale pale mkekani na viatu vyake mguuni, akalala mpaka watoto waliporudi shule. Jumatatu iliyofuata meneja alimpa kisu na aproni, akasimama upande wangu wa kushoto. Anakata vizuri. Afisa akiingia ukumbini, wifi anaacha kukata, anasubiri apite, ndipo anaendelea.