Mraba Mweupe Mlangoni pa Stesheni

Enzi zetu pale mtaani Hillbrow, miaka ya 2015 na 2016, baridi ya Juni ilipouma tulijua pa kukimbilia. Kando ya mlango wa stesheni ya treni ya chini ya ardhi palikuwa na wavu wa chuma, na kila treni ilipopita huko chini, hewa ya moto ilipanda. Tulisimama juu yake na sare zetu za shule, sketi zikijaa upepo, tukarusha mifuko ya plastiki ikapaa kama kunguru. Mshindi alipewa andazi. Mtoto wa leo ukimpa mfuko wa plastiki achezee, atauliza unachajiwa wapi.

Maandazi yalikuwa ya mama yangu. Yeye, mtu wa Lubumbashi, aliyaita mikate, na harufu yake ilikutana nawe kabla hujakata kona. "Mtoto asiyejua kuuza atauzwa," alituambia, huku akitujazia uji wa karanga vikombeni.

Alikaanga ndani ya mraba wa rangi nyeupe uliochorwa barabarani. Kabla ya stesheni palikuwa na shimo tu, limezungushiwa mabati. Wachimbaji walitoka humo wamepauka kwa vumbi la mwamba, hawana pa kula, na mama ndiye aliyewapikia. Kazi ilipokwisha, mmoja wao, Msotho tuliyemwita Ntate, yaani baba, Moeketsi, alichukua brashi akamchorea mraba ule. "Treni imepata stesheni yake," alimwambia, "na wewe hii ndiyo yako."

Tangu hapo hakuna muuzaji aliyeuvuka mstari. Walinzi wa stesheni wenyewe waliuzunguka. Kila Pasaka mama alipiga magoti akaupaka upya. Rafiki yake Mama Salma, Mtanga mwenye maneno, alimwita ahamie kwake, mtaa wa Malvern: "Shoga, huku Jules Street kuna kibanda kitupu, kina paa na mlango! Utaloweshwa na mvua mpaka lini?"

"Niache mahali pangu?" mama alishangaa kwa Kiswahili cha kwao. "Benye kuchimba ndio balinipa."

Kibanda kikachukuliwa na mwingine.

Asubuhi moja ya 2018 likaja gari lenye pampu ya maji. Afisa wa jiji akashuka, akauliza kibali cha kuuza. Mama akaelekeza mwiko chini.

"Hiki hapa. Uko unakikanyaga."

"Eish, mama. Hii ni rangi tu."

"Na ule mstari pale kwenye taa za robot si rangi? Mbona magari yanasimama hapo?"

Watu wakaangua kicheko, hata dereva wa gari lile. Afisa hakucheka. Alinyoosha kidole, na maji yakatoka kwa nguvu ya kubandua rangi. Mafuta yakamwagika, mikate ikaelea mtaroni, uji ukaenda nayo. Mama alisimama katikati na mwiko wake mpaka viatu vikajaa maji. Wiki ile ile wakapanga pale pale vyungu vya zege vyenye maua.

Nimeambiwa nisamehe. Sitaki. Mama aliuza ngazini mwa jengo letu kwa majirani mwaka mmoja, akachoka, na sasa anafagia ofisi Sandton. Anakwenda kazini kwa teksi, daladala za huku, maana nauli ya treni ile si ya mfagiaji.

Juzi nilishuka stesheni. Ukutani, nyuma ya kioo, wameweka picha za historia yake: mashine kubwa, wakubwa waliovaa kofia safi za kazi, utepe unakatwa. Vijana wanapita na masikio yaliyozibwa, kahawa mkononi, kana kwamba shimo lile lilijichimba lenyewe. Nilitafuta sufuria moja katika picha zote, sikuiona. Siku zetu, ungetaka kujua stesheni ilijengwaje, ungenunua andazi na kumuuliza aliyelikaanga. Siku hizi unasoma ukutani, unaondoka na njaa.