Bia ya Njano ya Fundi Dari

Walimwita Fundi Dari kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga dari za jipsamu, na kwa miaka ishirini alikuwa akirudi nyumbani mweupe kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Jumamosi alipika bia jikoni kwake. Ile nyeusi ilisifiwa na kila aliyeionja. Ya njano ilikuwa balaa: ina uchungu usio na adabu, na ukishameza, inakuachia harufu ya wodi.

Baba mkwe wake alipokuja kuwatembelea, alipiga funda moja, akaweka glasi chini taratibu, akauliza kwa upole kama hiyo ni ya kunywa au ya kusukutua.

Neno hilo lilimkaa fundi rohoni. Alilaumu kimea, akabadilisha. Akalaumu sufuria, akanunua nyingine. Akamlaumu mkewe kwamba anaosha vyombo kwa sabuni yenye manukato. Mkewe akamwachia vyombo vyote aoshe mwenyewe. Bia ikabaki vilevile.

Ndipo shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kazi yake ni kupima maji ya bomba, alipomwambia kuwa kosa liko kwenye maji. Fundi alikereka. Maji ni maji, alisema. Yangekuwa mabovu, hata ile nyeusi ingeharibika. Shemeji hakubishana. Alichukua birika la chai, akamwonyesha ukoko mweupe ulioganda ndani.

"Hii ni chokaa, shemeji. Maji yenu ni magumu. Kimea cheusi kimekaangwa, kina uchachu wa kuituliza. Cha njano hakina, ndiyo maana uchungu unakuwa mkali. Na hiyo harufu ya wodi ni dawa ya kusafishia maji; kwenye nyeusi inafunikwa na ladha ya kukaangwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Ya bomba yachemshe kwanza, dawa itoke. Changanya na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Halafu tia jipsamu kidogo, inasaidia kuituliza chokaa."

Uso wa fundi ulichanua. Stoo alikuwa nayo magunia matatu. Shemeji alikwenda kunawa mikono, na aliporudi alimkuta ameshachota kikombe kizima, anakiinamisha juu ya sufuria. Akamdaka mkono.

"Hiyo imechanganywa na gundi. Unataka kuwafungia watu dari tumboni?"

Kesho yake alimletea iliyo safi, ya wapika bia, akampimia kijiko kimoja cha chai. Fundi alikitazama kile kijiko kwa masikitiko ya mtu aliyezoea kupima kwa ndoo.

Baada ya wiki tano baba mkwe alirudi. Alimaliza glasi ya kwanza, akajimiminia ya pili, kisha ya tatu. Fundi alisubiri sifa mpaka akachoka, akaamua kujisifu mwenyewe. Alivuta kiti, akafungua daftari alimoandika maelezo ya shemeji, akaanza kueleza habari za maji tangu yakiwa mawinguni. Alipofika kwenye chokaa, mzee alikuwa anakoroma, glasi tupu imelala kifuani. Mke akamfanyia mumewe ishara anyamaze.

Fundi alipunguza sauti, akafungua ukurasa wa pili, akaendelea.